Radina Amrudia Mpenzi wa Ziwani

Mjini Gabrovo, nchini Bulgaria, ambako barabara haziwezi kwenda tambarare hata hatua ishirini, Radina Velkova alikuwa mwalimu wa udereva ambaye watu walimwomba kwa jina. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti isiyohitaji kupandishwa. Walimu wenzake walipiga kelele, yeye alinyamaza. Gari likizimika katikati ya mlima wa kuelekea hospitali, foleni nyuma ikipiga honi, Radina alikunja mikono na kusema, "Waache wapige. Honi haijaua mtu bado. Klachi, gia ya kwanza, halafu breki ya mkono. Tuna siku nzima." Upande wake kulikuwa na pedali za pili, kama ilivyo kwenye magari yote ya kufundishia, lakini wengi walimaliza masomo yao bila kuona mguu wake ukizigusa. Fundi viatu mmoja, Bwana Minchev, aliyeanza kujifunza akiwa na miaka sitini na moja baada ya mkewe kupungukiwa na nuru ya macho, alitangaza mjini kote kwamba kuendesha gari na Radina ni sawa na kukaa na jiwe lenye akili. Radina aliipenda sifa hiyo, akaomba airudie mbele ya mkuu wa shule.

Hakuwa ameolewa, na jambo hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili juu ya mto Yantra, mama yake Tsonka ng'ambo ya daraja, na mtoto mmoja wa ubatizo aliyekaa mbali, huko Valencia, pamoja na mama yake.

Mama wa mtoto huyo ndiye aliyepiga simu mwezi wa Julai. Jina lake Blagovesta, lakini tangu darasa la kwanza Radina alimwita Vesta tu. Walikaa dawati moja miaka kumi na miwili. Vesta alipata mtoto akiwa na miaka ishirini, akaachwa na baba wa mtoto, akaenda Hispania kufanya kazi katika kiwanda cha mikate, na sasa alikuwa anasimamia zamu nzima.

"Shosti, tunakuja kwa sikukuu ya Bikira Maria," alisema Vesta. "Na Ivenna anataka vitabu."

"Vitabu gani?"

"Usijifanye hamnazo! Vile vyetu. Mpenzi wa Ziwani, vyote vitano. Nimemwambia viko kwako. Kashatimiza miaka kumi na mitatu, anataka kujua jina lake limetoka wapi."

Radina alicheka kwa furaha. Jina la mtoto ni yeye aliyelitoa, maana huko kwao mama wa ubatizo ndiye mwenye haki ya kulitamka kanisani. Siku ile, akiwa na miaka ishirini, mtoto mikononi, mshumaa ukimdondokea kwenye kiatu, alisema "Ivenna" kwa sauti kubwa. Padri alisita. "Ni mtakatifu yupi huyo, binti?" Radina akajibu bila kupepesa macho, "Wa kaskazini, baba." Padri akaliandika.

Hakuwa mtakatifu wa kaskazini wala wa kusini. Alikuwa msichana wa kwenye kitabu, mpiga fidla wa miaka kumi na tisa, aliyependwa na Teodrik, kijana aliyezama katika ziwa Ulma miaka mia na themanini iliyopita na ambaye hakufa sawasawa. Teodrik aliweza kumwona Ivenna popote palipokuwa na maji: kisimani, kwenye ndoo, kwenye kikombe cha chai. Radina alipokuwa na miaka kumi na minne, kwa majira mawili ya baridi, aliweka glasi ya maji kando ya kitanda chake ili kama Teodrik yupo, awe na mahali pa kumwangalia. Mama yake alidhani mtoto ana kiu, akampeleka kupimwa sukari.

Jioni ile ile alivuka daraja kwenda kwa mama yake.

"Vile vya mzimu wako?" Tsonka aliuliza bila kuacha kumenya vitunguu saumu. "Viko chini ghalani, nyuma ya chupa za matango ya siki. Panya hawakuvigusa, na panya wa nyumba hii si wachaguzi."

Vilikuwa salama, vyote vitano, majalada ya buluu yamepauka, pembeni mwa kurasa pamejaa maandishi yao wawili: wino wa kijani wa Radina, wino wa zambarau wa Vesta. Radina alivipangusa vumbi, akavibeba kifuani. Aliamua avisome kwanza yeye, kabla ya mtoto kufika. Alivisubiri kama mtu anavyosubiri likizo. Wiki hiyo alikataa kwenda kula na wenzake. Alipaki gari chini ya miti ya kivuli kando ya soko, akafungua andazi lake la jibini, akafungua kitabu cha kwanza.

Kufikia ukurasa wa thelathini alianza kukunja uso. Macho ya Teodrik yalikuwa "rangi ya wimbi kabla ya dhoruba." Ukurasa wa thelathini na mbili yakawa tena rangi ya wimbi kabla ya dhoruba. Ivenna alijikwaa ngazini, akajikwaa bustanini, akajikwaa palipo sawa kabisa, na kila mara mkono wa baridi ulimdaka. "Huyu apimwe masikio," Radina alijisemea. "Masikio ndiyo yanayomsimamisha mtu wima." Alicheka peke yake, akageuza ukurasa akitumaini mambo yangechangamka, kwa sababu aliyakumbuka yakiwa yamechangamka. Alikumbuka moyo ukimwenda mbio. Sasa moyo ulikaa tu mahali pake kama abiria aliyefunga mkanda.

Kuchoshwa lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuja siku ya tatu, alipofika pale Teodrik anapokiri kwamba amekuwa akimtazama Ivenna kila anaponawa, kila anapooga, tangu siku ya kwanza alipofika ziwani. Ivenna analia kwa furaha. Pembeni, kwa wino wa kijani, mkono wa Radina wa zamani ulikuwa umeandika: NDIYO!!! Mara tatu alama ya mshangao.

Radina aliacha kutafuna. "Mtu anakuchungulia kwenye beseni," alisema kwa sauti, hadi mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu cha pilipili akageuka.

Jumapili asubuhi alikaa kwenye roshani yake na kitabu cha tatu, kile walichokipenda kuliko vyote. Ndani yake Ivenna anapata nafasi katika chuo cha muziki kwenye mji wa mbali. Teodrik hawezi kutoka ziwani. Basi usiku wa kuamkia safari analipandisha ziwa, maji yanafunika barabara, daraja linakatika, gari la Ivenna linasombwa. Kisha Teodrik huyo huyo anamtoa majini akiwa hai, naye anamshukuru kwa machozi na kuapa hataondoka tena. Radina alilikumbuka chozi la ukurasa huo. Doa lake lilikuwepo bado, karatasi imevimba.

Kwanza alikasirika kama mwalimu wa udereva. Barabara! Kafunika barabara ya watu wote, na daraja pia, na mwandishi hakusema hata neno moja kuhusu watu wengine waliokuwa wakiitumia. Kisha kitu kingine kikamshika, polepole, akakiweka kitabu mapajani.

Alikuwa amekumbuka funguo.

Akiwa na miaka ishirini na tano Radina alikuwa na mchumba aitwaye Ognyan. Alikuwa mtanashati, mwenye maneno machache. Alimsubiri nje ya duka la dawa alikofanya kazi Radina wakati huo, kila siku, hata siku ambazo hawakuahidiana kuonana. Alishika simu ya Radina na kuisoma mbele yake, akisema wapendanao hawana siri. Asubuhi ambayo Radina alitakiwa avuke mlima wa Shipka kwenda kufanya mtihani wa kuwa mwalimu wa udereva, funguo za gari zilipotea. Alizitafuta mpaka kwenye pipa la taka. Saa ya mtihani ilipopita, Ognyan alizitoa mfukoni mwa koti lake, akaziweka mezani taratibu. Barabara ilikuwa na barafu, alisema. Hakulala kwa hofu ya kumpoteza.

Radina alimkumbatia. Hilo ndilo lililomchoma sasa, kwenye roshani, jua likiwa limepanda. Alimkumbatia, na kifuani akasikia joto alilolijua, joto tamu la kupendwa kupita kiasi, na hakujiuliza alilijulia wapi. Alikaa naye miezi minane zaidi. Alipofanya mtihani hatimaye alienda kwa basi bila kumwambia mtu, akafaulu, akarudi akamrudishia Ognyan pete. Watu wote, hata Vesta, aliwaambia sentensi moja: hatukuelewana.

Haikuwa haki kukitwisha kitabu mzigo wote. Ognyan hakuwahi kukisoma. Yeye alisoma magazeti ya michezo tu. Lakini Radina hakuwa mtu wa kujidanganya. Alisoma vitabu viwili vilivyobaki mpaka mwisho, neno kwa neno, kama mtu anayekagua gari lililopata ajali. Kitu kimoja tu alikipenda, na kilimshangaza: shangazi wa Ivenna, Hulda, mwanamke wa miaka hamsini anayetengeneza mashua, ambaye utotoni aliziruka kurasa zake zote. Hulda alizungumza vizuri, alikuwa na utani, na alimwambia Teodrik usoni kwamba ananuka matope. Mwandishi alimuua katika kitabu cha nne.

Vesta na binti yake walifika siku mbili kabla ya sikukuu. Uani kwa Tsonka pilipili zilikuwa zinachomwa, moshi umejaa, wanawake watatu wamekaa kwenye viti vya chini wakizimenya maganda yakiwa bado ya moto. Ivenna alikuwa amerefuka, miguu kama ya korongo, anazungumza Kibulgaria chenye lafudhi ya Kihispania. Alipoingia ndani kuchukua maji, Radina alisema.

"Vesta, vile vitabu. Nisingependa kumpa."

"Umevipoteza?"

"Ninavyo. Nimevisoma. Ni vibaya."

Vesta alicheka. "Vibaya vipi? Vilikuwa vibaya tangu zamani, ndiyo utamu wake."

"Sisemi maandishi. Huyo mwanaume ni mtu wa kuogopwa, mwenzangu. Anampeleleza msichana, anamzuia asisome, na sisi tumechora mioyo pembeni."

"Ni mzimu, Radina! Ulitaka afanye nini, aombe kibali manispaa?"

Hata Tsonka alicheka. Radina hakucheka, na Vesta akaona. Uso wake ukabadilika.

"Ngoja nikuelewe. Jina la mwanangu ulilitoa wewe. Mimi nilitaka Yana, jina la bibi yangu. Ukaniambia Yana wako mia mjini. Miaka kumi na mitatu namtetea kwa walimu wa Kihispania wasiojua kuliandika. Leo unaniambia ni jina la upuuzi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Tangu umekuwa mwalimu, kila mtu ni mwanafunzi wako."

Neno hilo lilimwingia Radina, kwa sababu lilikuwa na ukweli kidogo. Waliendelea kumenya pilipili bila kutazamana, na Tsonka, ambaye hakupenda ugomvi kwenye chakula, akaanza kusimulia habari za jirani aliyemwibia jirani mwingine plamu. Hakuna aliyemsikiliza. Ivenna naye hakurudi na maji. Walipomfuata walimkuta kwenye kochi, viatu bado miguuni, mkoba wa Radina wazi sakafuni, na kitabu cha kwanza usoni pake.

"Mama mdogo," alisema bila kuinua macho, "hili la glasi ya maji ni wewe umeandika? Uliiweka kweli?"

"Niliiweka," alisema Radina. Asingeweza kumnyang'anya. Mtu akishaketi kwenye usukani, kumvuta mkono ndiyo hatari yenyewe.

Ivenna alivisoma kama mtu mwenye njaa. Alisoma mezani, alisoma akipiga mswaki, alisoma kanisani siku ya sikukuu mpaka bibi mmoja akamfinya. Radina na Vesta waliongea kwa adabu, na adabu kati yao ilikuwa kitu kigeni, kama kuvaa viatu vya mtu mwingine.

Siku ya nne walikuwa wamekaa wote mchana kula supu baridi ya mtindi na matango. Ivenna alikuwa amefika kwenye mafuriko. Akaomba awasomee. Macho yanamng'aa, sauti inamtetemeka, akasoma jinsi ziwa lilivyopanda, jinsi mkono wa baridi ulivyomshika msichana kiunoni. Vesta alitabasamu huku akiangalia mbali. Alikuwa amekikariri kipande hicho, midomo yake ilikuwa ikikifuata.

"Hakuna mtu atakayewahi kunipenda hivi," alisema Ivenna alipomaliza, akashusha pumzi ndefu.

Radina aliweka kijiko chini.

"Mimi nilipendwa hivyo," alisema.

Akawasimulia. Hakupandisha sauti wala kuishusha. Aliwaeleza habari za duka la dawa, za simu, za asubuhi ya barafu, za pipa la taka alilolipekua kwa mikono, na jinsi funguo zilivyowekwa mezani. Akawaeleza pia kwamba alimkumbatia. Alikunywa maji, akaendelea mpaka kwenye basi na pete. Tsonka, aliyejua nusu tu ya mambo hayo, alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa vidole vyote.

Vesta ndiye aliyesema kwanza. "Ulikuwa wapi kuniambia? Tulikuwa tunapigiana simu kila Jumamosi."

"Ningekuambia nini? Kwamba mchumba wangu kaficha funguo? Ungesema, jamani, anakupenda kama Teodrik. Na mimi ningefurahi."

Vesta akatikisa kichwa kulia na kushoto, kama watu wa huko wanavyokubali. "Ningesema hivyo hivyo," alisema. "Mungu anisamehe, ningesema hivyo hivyo." Akanyoosha mkono akamshika Radina kiganja, na mikono yote miwili ilinuka vitunguu saumu.

Ivenna alikuwa amejikunja kitini, kitabu kimefungwa, kidole kikiwa ndani kushika ukurasa. "Kwa hiyo mimi nina jina la mjinga," alisema.

"Hapana," alisema Radina. "Una jina la msichana aliyejua kupiga fidla kuliko wote mkoani. Imeandikwa, ukurasa wa kumi na mbili, halafu mwandishi akasahau. Mimi nilipolitamka kanisani nilikuwa nakutakia mambo makubwa. Nilikosea kuchagua mwanaume, si jina. Kama ningekuwa na akili za sasa ningekuita Hulda."

"Hulda!" Mtoto aliruka. "Afadhali Ivenna mara mia! Mama, umesikia? Hulda!"

Tsonka akasema Hulda linafaa kuitwa mbuzi, na wote wanne wakacheka mpaka supu ikapata joto mezani.

Jambo hilo halikuishia kwa mtoto kuvitupa vitabu. Alivimaliza vyote, akibishana njia nzima. Alidai Teodrik alikuwa mpweke. Radina akajibu kwamba upweke si leseni. Alidai mwisho wa kitabu cha tano ulikuwa mzuri. Radina alikubali kwamba sentensi mbili zilikuwa nzuri, akamwonyesha zipi. Alipofika kwenye kifo cha Hulda alilia kweli, na Radina akampa leso, akijiona amepata mshirika. Siku za mwisho Vesta naye alichukua kalamu nyekundu, wakaketi wawili kwenye roshani kama zamani, magoti yakigusana, wakaandika upya pembeni mwa kurasa. Karibu na NDIYO!!! Vesta aliandika: Mwanangu, funga pazia, mwaga beseni. Waliangua kicheko kilichosikika mpaka kituo cha basi.

Asubuhi ya kuondoka Vesta alilalamika kwamba sanduku ni zito na vitabu vibaki. Ivenna alivitoa sandukuni, akavitia kwenye mkoba wake wa mgongoni, akaubeba mwenyewe, bega moja limeinama.

Radina alirudi kazini. Mwezi wa Oktoba Bwana Minchev alifaulu mtihani mara ya kwanza, akamvusha mkewe mlima wa Shipka kwenda kumwona dada yake, akarudi na waridi kutoka Kazanlak, mji wa ng'ambo ya mlima unaosifika kwa maua hayo, kwa ajili ya mwalimu. Radina alilikausha, akaliweka kwenye kioo cha gari. Vesta sasa alipiga simu tena kila Jumamosi, na mara nyingine Jumatano, na hapakuwa tena na sentensi ya mtu kujifichia.

Majira ya baridi yalipoingia, Ivenna alimpigia mwenyewe. Alikuwa amejiunga na darasa la fidla, alisema, na vidole vinamuuma vibaya. Alikuwa anasoma vitabu vingine sasa, vya mpelelezi mwanamke mwenye mbwa mmoja.

"Na Teodrik?" Radina aliuliza.

"Bado nampenda kidogo, mama mdogo. Usikasirike."

"Sikasiriki. Mpende. Ila asiguse funguo zako."

Mtoto alicheka, kisha akaanza kumpigia kipande alichojifunza wiki hiyo. Alikosea katikati, akasimama, akakirudia toka mwanzo. Radina alikuwa amepaki kando ya soko, theluji ya kwanza ikiangukia kioo, mwanafunzi wa saa nane anasubiri barazani. Alimpungia mkono asubiri kidogo, akasikiliza mpaka mwisho.